Tabaka: Kuishi mlimani na kulipwa kutoka ng'ambo

KWA muda mrefu mji wa mlimani ulikuwa mahali pa kwenda kupumzika, kisha mtu akarejea jijini kutafuta riziki. Mtandao wa intaneti umeivunja desturi hiyo. Mhasibu wa kampuni ya London, mtafsiri wa shirika lililoko Geneva au mtunzi wa programu aliyeajiriwa California anaweza leo kukaa popote penye stima na mawasiliano, akafanya kazi yake na mshahara ukamfuata pale pale alipo. Wengi wa watu hao wamekimbilia milimani, kwenye hewa safi na utulivu.

Makala haya yanaeleza maisha ya namna hiyo yanavyoweza kuwa katika mji mmoja mdogo wa nyanda za juu za Gusii, yaani Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Mji huo haujazoea wageni wenye vipakatalishi. Hata hivyo, kazi ya kutumikia mteja aliye mbali, asiyeonekana wala kupeana mkono na mtendaji, wakazi wake wanaijua kuliko wengi wanaojiita wafanyakazi wa mtandaoni.

Ulaya na Marekani Kaskazini, miji ya mlimani inayotajwa sana ni ile ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji: Chamonix nchini Ufaransa, Zermatt nchini Uswisi, Aspen nchini Marekani, Banff na Whistler nchini Kanada. Zamani wageni walifika huko kwa juma moja au mawili wakati wa baridi. Tangu janga la Covid-19 lilipofunga ofisi mwaka 2020, wengi wamegundua kwamba wanaweza kukaa mwaka mzima bila kuacha ajira zao.

Kwa Mkenya, habari za theluji ni chache. Theluji yetu iko juu ya Mlima Kenya, nayo inazidi kupungua; na Philip Boit, aliyeiwakilisha nchi katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, ilimbidi aende Finland kujifunza mchezo wenyewe. Lakini jambo linaloisumbua zaidi miji hiyo ya ng'ambo halina uhusiano na theluji. Ni nyumba.

Mgeni anayelipwa mshahara wa jiji kubwa anapohamia mji mdogo, hupanga au kununua nyumba kwa bei ambayo mwalimu, mpishi na dereva wa mji ule hawaimudu. Huko Aspen, mamlaka za mji na wilaya zimelazimika kumiliki na kusimamia maelfu ya makao yaliyotengwa kwa wafanyakazi wa hapo, la sivyo wangesukumwa hadi mabonde ya mbali. Banff, iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, ina sheria kali zaidi: mtu hawezi kuishi huko kwa kuyapenda mandhari tu, sharti awe na sababu inayotambuliwa, hasa kazi anayoifanya papo hapo. Waswisi nao walipiga kura tarehe 11 Machi 2012 na kuamua kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila eneo la utawala wa mitaa. Sheria hizo zilitungwa na watu waliokwisha kuona vijiji vyao vikijaa madirisha yaliyofungwa miezi kumi ya mwaka.

Nchini Kenya, mji unaokaribia zaidi kufanana na hiyo ni Iten, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Iten uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kimo kinacholingana kabisa na cha Aspen. Kivutio chake ni hewa nyepesi inayowajenga wanariadha. Mtawa kutoka Ireland, Ndugu Colm O'Connell, alifika huko mwaka 1976 kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's, akageuka kuwa kocha na akaendelea kuishi huko kwa miongo mingi. Miongoni mwa wanafunzi wake ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Mwanariadha Lornah Kiplagat naye alianzisha kituo cha mazoezi mjini humo mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo wakimbiaji kutoka mataifa mengi wamekuwa wakija kupanga vyumba kwa miezi. Iten, kwa hiyo, huwaleta watu.

Tabaka huwapeleka watu wengine bidhaa, nao wenyewe hawaji. Hiyo ndiyo tofauti inayostahili kutazamwa kwa makini.

Mji huu uko katika eneobunge la Mugirango Kusini, kando kidogo ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Migori. Nyanda za juu za Gusii, ambazo sehemu zake nyingi ziko kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima, na kwa hiyo mgeni hukuta vilima vya kijani kibichi vilivyopandwa migomba, chai, miwa na mahindi hadi ukingoni mwa njia. Ardhi tupu ni adimu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu wapatao 957 katika kila kilomita mraba. Ni msongamano wa mji katika eneo ambalo bado ni mashamba.

Chini ya mashamba hayo kuna mawe laini yanayojulikana duniani kama mawe ya Kisii, au mawe ya sabuni kwa sababu ya utelezi wake mkononi. Huchimbwa katika vijiji vilivyouzunguka mji, kama vile Nyabigege na Bomware. Yapo meupe, ya rangi ya maziwa, ya waridi, ya kijivu na hata meusi, na kila rangi ina ugumu wake. Zamani yalichongwa vyombo vya nyumbani na viko. Leo huchongwa tembo, viboko, bakuli, sahani, vinara vya mishumaa na sanamu za watu walioshikana mikono.

Uchimbaji hufanywa kwa nguvu za mikono. Vijana hushuka machimboni na mitaimbo, majembe na mapanga, hutoa udongo wa juu, kisha huliachanisha jiwe kwa vipande. Mvua inaponyesha mfululizo kuta za machimbo hulegea, na kazi hiyo huwa ya hatari. Jiwe hufikishwa kwa mchongaji likingali na unyevu wake, kwa kuwa likikauka sana huwa gumu kuchongwa. Mchongaji huanza na panga au shoka dogo kulipa umbo, kisha kisu kulipa sura. Kutoka hapo huenda kwa wanawake, ambao hukaa na karai la maji na kulisugua kwa msasa, kwanza ule wenye kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi alama za kisu zipotee. Maji huzuia vumbi katika hatua hiyo. Penye kuchonga jiwe kavu hayapo, na vumbi hilo si zuri kwa mapafu ya mtu yeyote. Mwisho hutiwa nta au rangi, na nakshi zikachorwa kwa ncha ya chuma.

Kazi zote hizo hufanywa kwa ajili ya mtu ambaye mchongaji hatamwona. Oda hutoka Nairobi, Mombasa, Ulaya au Marekani; hueleza idadi, ukubwa, rangi na tarehe. Kipande kisicholingana na kielelezo hukataliwa. Mchongaji hulipwa kwa kipande wala si kwa saa. Kinyago hupita mikononi mwa mchimbaji, mbebaji, mchongaji, msuguaji, mpaka rangi, dalali, msafirishaji na mwagizaji wa jumla kabla ya kufika dukani, na bei iliyobandikwa dukani ndiyo pekee ambayo watu wa Tabaka hawaijui. Mtu akitafuta maelezo ya kwa nini mji ambao kazi zake zimepamba nyumba za mabara yote bado una paa za mabati yenye kutu, aanzie hapo.

Upo upande mwingine wa habari hiyo. Elkana Ong'esa, mchongaji mashuhuri kutoka eneo hili, ana sanamu yake ya ndege wa amani katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Kenya walioonyesha kazi katika tamasha la Smithsonian mjini Washington. Ong'esa ana jina. Anayetaka kazi yake humtafuta yeye, na hapo bei huzungumzwa kati ya watu wawili. Aliyechonga tembo mia tatu wa kufanana hana jina kwenye hao tembo, na mteja akichoka naye humpata mwingine kilima cha pili. Vyama vya wachongaji kama Smolart vilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuuza moja kwa moja kwa mashirika ya biashara ya haki, ambayo kanuni zake humtaka mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau nusu ya malipo mapema, bila riba, pale mzalishaji anapoomba. Nusu hiyo ndiyo inunuayo mawe na kuwalipa wachimbaji; bila yake mchongaji hukopa kwa dalali, na deni la dalali lina njia zake za kulipwa.

Ni muhimu kuyakumbuka hayo yote kabla ya kuingia katika habari za vipakatalishi, kwa sababu kijana wa Kisii anayefanya kazi za mtandaoni leo amesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama baba yake na kisu mkononi. Serikali ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwahimiza vijana watafute kazi hizo: kunakili sauti kwa maandishi, kuingiza takwimu, kutafsiri, kuweka alama kwenye picha za kufundishia mashine. Katika miji yenye vyuo vikuu, wengi waliangukia biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Biashara hiyo, licha ya kasoro zake za kimaadili zisizofichika, iliwalipia wengi kodi ya nyumba. Kisha Uingereza ikapitisha sheria mwaka 2022 iliyopiga marufuku kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya Uingereza huduma hiyo, na mnamo Novemba mwaka huo huo ikatokea programu ya ChatGPT, iliyoweza kuandika insha bila malipo. Oda zikapungua ghafla. Nani alishauriwa? Hakuna. Mteja wa mbali hana haja ya kuaga.

Wachongaji wa Tabaka waliwahi kuonja jambo hilo zaidi ya mara moja. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza watalii, na maduka ya vinyago ya pwani na Nairobi yakaacha kuagiza. Mwaka 2020 ndege zenyewe zilisimama. Na mwezi wa Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, msamaha ambao wauzaji wadogo wa mtandaoni walikuwa wakiutegemea kuwapelekea wateja kipande kimoja kimoja. Jiwe ni zito na gharama ya kulisafirisha ni kubwa; ushuru ukiongezwa juu yake, bakuli la mkono hushindwa na bakuli la kiwandani.

Sasa na tumtazame yule mgeni. Anaweza kuwa mzungu, anaweza kuwa Mkenya aliyechoka na foleni za magari za Nairobi, na anaweza pia kuwa mwana wa Tabaka aliyerudi kutoka Marekani na kazi yake mkobani. Atakuta nini?

Kwanza atakuta kwamba intaneti si kikwazo kama ilivyokuwa. Mawasiliano ya simu yanafika, mjini Kisii zipo huduma za nyaya, na tangu Julai 2023 huduma ya setilaiti ya Starlink inapatikana nchini, ingawa bei ya kifaa chake si ya mtu wa kawaida. Kikwazo ni stima. Nyanda za juu za Gusii hujulikana kwa radi, na radi haiheshimu mkutano wa video. Mwenye busara huweka betri kubwa au paneli ya sola, huchomoa vifaa vyake mawingu yanapokusanyika alasiri, na huwa na laini za simu za kampuni mbili tofauti. Aliyezoea kusema kwamba atafanya kazi popote hujifunza haraka maana halisi ya neno hilo.

Pili ni saa. Anayefanya kazi na London hana taabu, kwa kuwa tofauti ni saa mbili au tatu tu. Anayefanya kazi na New York huanza saa kumi alasiri au saa kumi na moja jioni, kulingana na majira, na humaliza saa sita au saa saba usiku. Katika mji ambao maduka hufungwa mapema na bodaboda hupungua giza likiingia, mtu huyo huishi kinyume cha majirani zake: wanapoamka kukamua ng'ombe yeye ndiyo kwanza amelala. Huonekana mchana kibarazani na hakuna anayemwona akifanya kazi. Maneno huanza. Si maneno ya chuki. Ni udadisi wa kijiji unaotaka kujua pesa zinatoka wapi, na jibu la wazi husaidia kuliko ukimya.

Tatu ni afya. Hapa Tabaka ina bahati ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina. Hospitali ya misheni ya Tabaka, inayosimamiwa na watawa wa kiume wa shirika la Mtakatifu Camillus, shirika lililoanzishwa mjini Roma katika karne ya 16 kuwahudumia wagonjwa, iko papo hapo mjini pamoja na chuo cha mafunzo ya uuguzi. Kwa matibabu makubwa zaidi ipo hospitali ya rufaa ya Kisii. Watawa hao ni wageni waliokuja kukaa, na walipokelewa kwa sababu kazi yao ilionekana kwa macho. Mgeni wa kipakatalishi hana faida hiyo.

Nne ni lugha. Kiswahili kitamfikisha mbali sokoni na kwenye matatu, lakini mazungumzo ya nyumbani ni ya Ekegusii. Anayeweza kusema "bwakire buya" asubuhi na akangoja kuitikiwa bila haraka hufunguliwa milango mingi. Chakula hakina shida: ndizi, parachichi, chinsaga na obokima ya wimbi hupatikana karibu na mlango, na bei zake zitamshangaza aliyezoea maduka makubwa. Kinachokosekana ni yale mambo ambayo miji ya theluji huyachukulia kuwa ya kawaida, kama mkahawa wa kukaa na tarakilishi siku nzima kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kwa hayo itambidi aende Kisii mjini, na akirudi mvua inaweza kuwa imeigeuza njia ya kijijini kuwa tope.

Upande wa sheria unahitaji uangalifu zaidi, kwa maana wengi huuchukulia kirahisi. Idhini ya kuingia nchini kama mtalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kama mwajiri yuko bara jingine. Mwaka 2024 serikali ilianzisha kibali cha daraja N, kinachowahusu wageni wanaofanya kazi kwa njia ya mtandao kwa waajiri au wateja walio nje ya Kenya. Mwombaji huthibitisha ajira yake na kipato chake, na kibali hicho hakimruhusu kuchukua ajira ya hapa nchini. Mgeni wa Tabaka mwenye kibali hicho anaweza kumwandikia programu mteja wa Toronto. Hawezi kuajiriwa na duka la vinyago lililo hatua mia moja kutoka mlangoni pake.

Kodi hufuata siku. Mtu asiye na makao ya kudumu nchini Kenya huhesabiwa kuwa mkazi kwa ajili ya kodi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au akikaa kwa wastani wa zaidi ya siku 122 katika mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Akishakuwa mkazi, mapato yake ya ajira hutozwa kodi hapa hata kama yamelipwa benki ya mbali. Uingereza, Kanada na Ujerumani ni miongoni mwa nchi zenye mikataba na Kenya ya kuzuia mtu kutozwa mara mbili. Marekani haina mkataba kama huo na Kenya, na Mmarekani anayehamia kilimani bila kulijua hilo anaweza kujikuta na barua mbili za madai.

Lakini ardhi ndiyo kiini cha mambo, na hapa historia ya Aspen na ya Tabaka hukutana.

Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa mkataba wa muda tu, usiozidi miaka 99. Juu ya hayo, shamba lolote la kilimo haliwezi kuuzwa, kugawanywa wala kukodishwa bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi ya eneo hilo, na sheria inaitaka bodi ikatae pale ardhi inapokwenda kwa asiye raia. Karibu ardhi yote inayozunguka Tabaka ni ya kilimo. Kwa hiyo mgeni anayeonyeshwa kilima chenye mandhari mazuri na kuambiwa kwamba makaratasi yatashughulikiwa baadaye, anaonyeshwa hasara. Hata kwa raia njia si nyepesi: ridhaa ya mke au mume inahitajika panapokuwa na nyumba ya ndoa, na bodi hutaka kujua kama familia imekubali. Ndugu wa muuzaji hufika kikaoni, na wengine hufika bila kualikwa.

Wapo wanaoziona sheria hizo kama kizuizi cha maendeleo. Wangezitazama upya wakisoma takwimu za watu 957 kwa kilomita mraba. Katika mashamba yaliyokwisha kugawanywa mara tatu na nne kati ya wana, ploti moja ikipanda bei kwa sababu ya mnunuzi mwenye dola, kila kijana anayetaka kujenga karibu na wazazi hulipa tofauti hiyo. Waswisi walihitaji kura ya nchi nzima kupata kinga ambayo kijiji cha Gusii tayari kinayo katika bodi yake ya ardhi, inapofanya kazi yake bila kushawishiwa. Hatari kwa Tabaka, kwa sasa, haitoki kwa wageni wa ng'ambo, ambao ni wachache mno. Inatoka kwa raia wenye fedha za mijini, ambao Kifungu cha 65 hakiwagusi.

Pia kuna machimbo. Mwenye shamba lililo juu ya jiwe zuri hukabiliwa na uchaguzi mgumu: alime na kuvuna kila msimu, au achimbe na kuuza mawe huku udongo wake wa juu ukitupwa kando. Mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji, na watoto hupita kando yake wakienda shule. Mgeni anayetafuta nyumba na aulize ni nini kiko nyuma ya ua, na kama kuna anayekusudia kuchimba hapo mwakani.

Fedha za mtu anayelipwa kutoka nje hulifaidi eneo zaidi zinapopita katika kodi ya nyumba, mishahara ya wasaidizi, soko na kazi za mafundi kuliko zinapopita katika hatimiliki. Akinunua vinyago, na anunue kwa mchongaji, alipe nusu mapema kama mashirika yanavyofanya, na aliandike jina la mchongaji chini ya kipande. Akiwa na ujuzi wa kufungua duka mtandaoni, kupiga picha na kujibu barua za wateja, ujuzi huo kijana wa Tabaka anauhitaji kuliko msaada wa fedha, kwa kuwa anayemjua mteja wa mwisho hujua pia bei ya mwisho.

Kuhusu nyumba yenyewe ya kupanga, haiko mbali kama inavyodhaniwa. Wapo Abagusii wengi wanaoishi ughaibuni, hasa katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako wamejuana na theluji kuliko mwanariadha Boit. Wengi wamewajengea wazazi wao au wamejijengea nyumba za matofali kwenye vilima hivi, zenye vyumba vinne au vitano, matangi ya maji na nyaya za stima, na huzitumia majuma machache mwezi wa Desemba. Mwaka uliobaki hulindwa na mlinzi na mbwa. Mwenye nyumba yuko Minneapolis, zamu ya usiku. Ufunguo uko kwa mama yake, na mazungumzo ya kodi huanzia kwa mama huyo, kwa chai.